Chipu za poka za bei mbaya: mwongozo kamili wa kuzikagua mzigo ukifika

Kwanza tuelewane jina. Ukimwambia mtu wa Dar umeagiza chipsi mia tano, atakuuliza shughuli ni lini na kama ni kavu au mayai. Kwa hiyo hapa nitasema chipu, ile duara ndogo inayosimama badala ya hela kwenye meza ya poka, mchezo wa karata. Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka na seti za plastiki nyepesi, akaweka pesa ya maana kwenye seti ya kuagiza, na sasa anataka kujua kama alichopokea ndicho alicholipia.

Habari ya sheria tuimalize hapa hapa. Kuendesha michezo ya kubahatisha kibiashara nchini kunataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Sisi tunacheza barazani, Kijitonyama, bila shilingi mezani. Anayefilisika wa kwanza ananunua mishikaki, basi.

Seti yangu ya kwanza ya bei mbaya niliifungua saa mbili usiku chini ya taa moja ya sebuleni. Nikachukua chipu moja ya kijani, nikaigeuza, nikaisugua kwa dole gumba, nikaipenda, nikafunga boksi. Ijumaa ya pili yake watu wamekaa, shemeji akapanga chipu zake za kijani, akaligusa rundo kwa kidole ili lisogee. Rundo zima likazunguka kama pia. Akaligusa tena, likazunguka tena. "Shem, hizi umenunua za kuchezea au za kuchezesha?" Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka, huku nikihesabu siku kichwani. Muda wa kudai kwa muuzaji ulikuwa siku saba. Ilikuwa siku ya tisa.

Nilikosea kwa kukagua chipu moja. Hakuna anayecheza na chipu moja. Zinapangwa ishirini ishirini, zinasukumwa pamoja, zinahesabiwa kwa kulinganisha urefu wa mnara na mnara. Kasoro nyingi huzioni kabisa ukiwa na moja mkononi, unaziona zikiwa ishirini. Karibu hatua zote zilizoko hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Jua umenunua aina gani

Huwezi kudai kasoro kabla hujajua chipu yako ilipaswa kuwaje. Sokoni kuna familia tatu kubwa.

Ya kwanza ni plastiki yenye kipande cha chuma ndani. Hizi ndizo zinazokuja kwenye briefkesi ya alumini, na juu yake pameandikwa gramu 11.5, 13.5 au 14 kwa herufi za kujivunia. Uzito huo ni wa chuma kilichozikwa katikati. Wauzaji wengi huziita za udongo, na ukiuliza udongo uko wapi wanabadilisha mada. Chipu za udongo zinazotumika kwenye kasino za Marekani kwa kawaida ziko kati ya gramu 8.5 na 10 hivi, yaani ni nyepesi kuliko hizo. Kuchagua chipu kwa uzito ni sawa na kuchagua mchele kwa uzito wa gunia: hata mawe yana uzito. Ukitaka kuhakikisha, sogeza sumaku. Mara nyingi itanasa.

Ya pili ni seramiki. Jina hili nalo linadanganya, maana hazichomwi tanuruni kama vikombe vya chai. Ni aina ya plastiki ngumu nyeupe, na picha inahamishiwa juu yake kutoka kwenye karatasi maalumu kwa kutumia joto. Ukishaona jamaa wa Kariakoo wanavyochapa picha ya bibi harusi kwenye kikombe, umeona jinsi chipu ya seramiki inavyopata sura yake. Uzuri wake ni kwamba uso mzima unachapwa, mpaka ukingoni, kwa hiyo unaweza kuweka mchoro wowote.

Ya tatu ni udongo wa kushindiliwa, na hapa ndipo bei inapanda. Si udongo mtupu, maana udongo mtupu ungevunjika siku ya kwanza. Ni mchanganyiko wenye udongo na viungo vingine vya kuushikamanisha. Duara la rangi moja linakatwa, pembeni yake vinatolewa vipande, na mahali pake vinachomekwa kwa mkono vipande vya rangi nyingine. Ndiyo yale mabaka unayoyaona ukingoni. Lebo inawekwa katikati, kisha vyote vinaingia kwenye kalibu na kubanwa kwa joto na nguvu kubwa mpaka viwe kitu kimoja. Baadaye ukingo unakerezwa ili kuondoa masalia. Mabaka ya kweli yanapita kutoka uso huu mpaka uso wa pili. Yakiwa yamechorwa juu tu, hujauziwa familia ya tatu.

Jina utakalolisikia zaidi kwenye familia hiyo ni Paulson, zenye alama ya kofia na fimbo kuzunguka uso. Ziko chini ya Gaming Partners International, ambayo mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Angel ya Japani, na kiwanda kiko San Luis Río Colorado, Meksiko. Hizo zinatengenezewa kasino, kwa hiyo mtu binafsi mara nyingi anazipata zikiwa zimetumika, kutoka kasino iliyofungwa au iliyobadilisha seti. Kumbuka hilo: chipu iliyopigwa miaka kumi mezani itakuwa na vijipengo ukingoni na uchafu wa mikono, na hiyo si kasoro ya kiwanda. Usimdai mtu upya wa kitu ulichonunua kikuukuu.

Kabla hujalipa

Omba sampuli. Muuzaji wa chipu za bei mbaya asiyetaka kukuuzia chipu tatu nne za mfano ana jambo. Sampuli ikifika, iweke kando mpaka mzigo mkubwa uje, kwa sababu utailinganisha nayo. Mimi nilikuwa nazigawa kwa marafiki kama pipi, nikabaki sina cha kulinganisha.

Kama unachapisha jina lako au la kijiwe chenu, utatumiwa mchoro wa kuidhinisha. Usome herufi kwa herufi, halafu mpe mtu mwingine asome. Nina chipu mia moja nyeusi zilizoandikwa "Dar es Salam", na kiwanda hakina kosa: mchoro ulikuwa hivyohivyo, na mimi ndiye niliyejibu kwamba uko sawa. Hesabu hata sifuri. Kwetu watu wanapenda kuweka thamani za kishilingi, 500, 1,000, 10,000, badala ya zile 1, 5, 25 na 100 za Kimarekani, na sifuri moja ikizidi ni seti nyingine kabisa.

Agiza za ziada, tano kila rangi zinatosha. Ukirudi mwaka kesho kuomba tano tu, kwanza hawatazitengeneza tano tu, na pili rangi ya mchanganyiko mpya haitalingana na ya kwako.

Halafu zungumza ufungaji. Mizigo yetu mingi inapita kwa mawakala wa kago, ndege kwa kilo na meli kwa ujazo. Chipu 500 za gramu 10 ni kilo 5, za gramu 14 ni kilo 7, bado briefkesi. Mwambie muuzaji abaki na briefkesi yake, utatafuta boksi huku huku. Lakini chipu zenyewe zifungwe kwa karatasi ishirini ishirini, zikae zimebanana. Zikimwagwa kwenye mfuko kama karanga, zitagongana kutoka Guangzhou mpaka Kariakoo, na ukingo wa chipu ya udongo haupendi kugongwa.

Mwisho, pata kwa maandishi mambo mawili: muda wa kudai unaanza lini, ukipokea wewe au akipokea wakala, na kasoro ngapi katika mia yeye mwenyewe anaziona za kawaida. Jibu la swali la pili litakwambia unashughulika na mtu wa aina gani.

Vifaa vya kukagulia

Kipande cha kioo cha kama futi moja kwa moja, kwa fundi wa madirisha unakipata kwa bei ya soda kadhaa. Mwambie akusugulie kingo zisikukate. Rula ndefu ya chuma. Venia, ile ya kupimia unene ambayo mafundi wa kerezo hawaiachi. Ya kidijiti inatosha, na ukizunguka Gerezani huikosi. Mizani ya jikoni. Kitambaa kile kile mnachochezea. Dirisha lenye mwanga wa mchana. Kalamu na daftari, na simu ya kupigia picha.

Mizani ya jikoni haina ukali wa kupima chipu moja, usijisumbue. Pima ishirini kwa pamoja.

Siku mzigo umefika

Piga video ukifungua, kuanzia utepe wa boksi. Watu wanaona aibu kufanya hivi, lakini hii ndiyo itakayokusaidia ukikuta mpasuko. Hesabu. Kisha ziache chipu nje ya boksi usiku mmoja kabla ya kupima chochote, hasa kama zimeshinda kwenye gari la wakala. Chipu za udongo hulegea kwa joto, na hutaki kupima kitu ambacho bado hakijatulia.

Kesho yake asubuhi, tandika khanga mezani, weka kioo juu yake, panga minara ya ishirini kwa kila rangi.

Minara

Chipu ya kawaida ina kipenyo cha milimita 39 na unene wa milimita 3.3 hivi. Mnara wa ishirini unapaswa kuwa karibu milimita 66. Sasa piga hesabu: kila chipu ikizidi kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, kitu ambacho jicho wala kidole hakiwezi kukijua, mnara umezidi kwa milimita 2. Hizo unaziona ukiwa umekaa upande wa pili wa meza. Na kwa kuwa wachezaji huhesabu kwa kulinganisha minara badala ya kuhesabu moja moja, mtu anaweza kusukuma chipu 19 akidhani ni 20.

Panga minara mitano ya rangi moja mstari mmoja juu ya kioo. Laza rula ya chuma juu yake kwa wima, ukingo wake mwembamba chini. Inama mpaka jicho lilingane na vichwa vya minara, dirisha likiwa mbele yako. Mwanga ukipita chini ya rula, mnara ule ni mfupi. Rula ikicheza kama bembea, kuna mmoja umezidi. Ni kazi ile ile ya mwashi na kamba yake kwenye tofali.

Ukipata mnara wa ajabu, ndipo uchukue venia. Pima kila chipu mahali patatu ukingoni, si mahali pamoja tu, kwa sababu kuna chipu zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama kitumbua kilichoiva kwenye chuma kilichokaa upande. Ukipima mara moja unaweza kuangukia mahali pazuri ukaipitisha. Kwenye mnara chipu kama hizi zinajisema zenyewe: mnara unalala kama mnazi wa ufukweni. Zungusha chipu moja moja. Mnara ukilalia upande mwingine, umempata mhusika.

Mpaka wangu ni huu, na ni wangu, hujalazimika. Kwa seramiki na plastiki, minara ya rangi moja ikitofautiana zaidi ya milimita moja, naandika. Mashine imezitengeneza, mashine haina kisingizio. Kwa udongo navumilia mpaka milimita 2 ndani ya rangi moja, na kati ya rangi na rangi navumilia zaidi kidogo, kwa sababu kila rangi ni mchanganyiko wake na haibanwi sawasawa na mwenzake. Ikifika unene wa chipu nzima kati ya mnara na mnara wa rangi ile ile, hapo hakuna cha ufundi wa mkono wala nini.

Pia

Sasa turudi kwa shemeji. Chipu iliyovimba katikati kidogo sana, kiasi kwamba inakaa juu ya tumbo badala ya ukingo, sisi tunaiita pia. Ikiwa chini ya mnara, mnara mzima unakuwa unasimama juu ya nukta moja.

Weka chipu moja kwenye kioo, iguse ukingoni kwa ncha ya kidole kana kwamba unafungua kizibo. Chipu isiyovimba itajivuta robo mzunguko na kusimama, utaisikia ikikwaruza. Ile ya pia itazunguka mara tatu, nne, kimya, na utaona kivuli chembamba kuzunguka ukingo wake. Igeuze ufanye tena. Usiruke hili, kwa sababu chipu iliyobenuka upande mmoja imebonyea upande wa pili, na kwa upande uliobonyea inakaa kwenye ukingo vizuri kabisa kama malaika. Nusu ya pia zangu za kwanza nilizipitisha kwa kuzikagua upande mmoja.

Zinazozunguka zihamishie kwenye kitambaa cha kuchezea, rudia. Nyingi zitasimama, maana kitambaa kinameza ule uvimbe mdogo. Hizi kwangu si kasoro ya kudai kwenye seti ya udongo. Mbili tatu katika mia nazichukulia kuwa za kawaida. Inayozunguka juu ya kitambaa inarudi ilikotoka. Kwenye seramiki sivumilii hata moja, kwa kuwa hapo hakuna mkono wa mtu uliochomeka chochote.

Kuna watu wanaonyoosha chipu za pia kwa kuzitia kwenye maji ya moto na kuzibana kati ya bamba mbili. Nimejaribu kwa chipu mbili. Moja ilinyooka, nyingine lebo yake ilipata mkunjo kama uso wa mtu aliyelala chali juu ya mkeka. Usifanye kabla hujamaliza kudai, maana ukishaichemsha ni yako.

Lebo, mabaka na kingo

Lebo isiyo katikati ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na mara nyingi bila sababu. Nyoosha mkono, shika chipu mbali. Ukiuona upungufu kwa umbali huo, ni kasoro. Ukilazimika kuisogeza puani na kufumba jicho moja, irudishe kwenye mnara uendelee na maisha. Na lebo iliyokaa mshazari ukilinganisha na mabaka si kosa: kwenye chipu za udongo lebo huwekwa bila kuangalia mabaka yameelekea wapi, na lebo ya mbele hailingani na ya nyuma. Nimeona mtu akitaka kurudisha seti nzima kwa hilo.

Kitu cha kuangalia kwa makini ni jinsi lebo ilivyokaa. Kwenye chipu ya kushindiliwa lebo imezama, ukipitisha ukucha hukwami popote. Kwenye chipu ya stika, yaani yenye lebo ya kubandikwa, kuna kishimo chake, na stika lazima ikae chini ya mdomo wa kishimo. Ikichungulia juu, kila ukipanga chipu unaisugua, na baada ya mwezi itaanza kumenyuka. Laza rula juu ya uso uangalie mwanga: ukipita kwenye ukingo badala ya katikati, stika imezidi. Viputo vya hewa utaviona ukiinamisha chipu mpaka taa ing'ae juu ya lebo.

Mabaka yaliyovuja kidogo, nyekundu ikiwa imeingia kwenye nyeupe kama wino kwenye karatasi ya daftari, ni alama kwamba vitu viwili vya moto vilibanwa pamoja. Mimi nayapenda hayo. Yasiyopendeza ni baka jembamba upande mmoja na nene upande wa pili kiasi kwamba kwenye mnara mistari inapotea, ufa kati ya baka na mwili, au baka linalosogea ukilibonyeza kwa ukucha. Ufa hauponi, unakua.

Vijipengo ukingoni, vidogo kama vimeng'atwa na kiroboto: kwenye chipu mpya, ukikuta vimezagaa kwenye karatasi moja ya ishirini tu, hiyo ni ajali ya njiani. Vikiwa kwenye zote, ukingo ulikerezwa vibaya au mchanganyiko ni mkavu. Tofauti hii inaamua umdai nani, muuzaji au wakala.

Seramiki ina mambo yake. Panga mnara uangalie mistari inayotoka usoni kuingia ukingoni: ikutane. Ikipishana nusu milimita nasamehe. Angalia utepe mweupe kuzunguka uso, mahali uchapaji haukufika. Soma herufi ndogo kabisa, matundu ya "a" na "e" yawe wazi. Yakiziba, picha ilikuwa ya kiwango cha chini tangu mwanzo. Na utafute kivuli, ile sura ya pili hafifu pembeni ya maandishi inayotokea karatasi ikicheza wakati wa joto. Kivuli hakisameheki.

Plastiki nitaipita haraka: ndevu kwenye mshono wa ukingo, na chuma kinachogonga ndani ukiitikisa sikioni. Ukizikuta hizo kwenye seti ya bei mbaya, tatizo lilianzia kwenye bei.

Rangi

Chukua chipu kumi za karatasi moja na kumi za karatasi nyingine, rangi ile ile, zipange kwa kupishana. Peleka mnara dirishani. Kama zimetoka kwenye michanganyiko miwili tofauti utaona punda milia. Hii ni kasoro halali ya kudai kwenye oda moja, hata kama kila nusu ni nzuri peke yake.

Halafu subiri usiku. Washa taa ya hapo mnapochezea, weka minara ya rangi zote, kaa kwenye kiti cha mbali. Bluu na zambarau zilizoachana vizuri mchana zinaweza kuwa ndugu chini ya taa ya njano. Hilo ni la kujua kabla ya kuagiza, ndiyo maana nilisema sampuli. Kwetu umeme ukikatika tunaendelea kwa tochi za simu, na kijani yangu ya pili nimeichagua kwa mwanga huo.

Kudai

Andika siku hiyo hiyo uliyokagua. Usilalamike, toa hesabu. Muuzaji anayeambiwa "mzigo wako mbovu" anajitetea. Anayepewa namba anahesabu. Mimi huandika hivi:

"Habari kaka. Mzigo nimeupokea jana jioni, nimekagua chipu zote 500. Kijani: 11 zinazunguka juu ya kitambaa, video ipo. Nyekundu: 4 zina ufa kwenye baka, picha zipo. Nyingine zote ziko safi, kazi nzuri. Naomba 15 za kubadilisha."

Ile "kazi nzuri" usiiache, na iwe ya kweli. Omba za kubadilisha chipu mbovu, si pesa yote, isipokuwa kasoro zikizidi chipu moja katika kila kumi. Hapo kiwanda hakikuwa na mkaguzi, na hujui mwezi wa tatu utagundua nini. Muuzaji wangu wa ile seti ya kwanza alijibu kwa maneno mawili, "ndivyo zilivyo," na kwa siku ya tisa alikuwa na haki ya kujibu hivyo. Wa pili alituma kumi na tano bila neno, kwenye mzigo wa mteja mwingine, nikalipia kago ya gramu mia na hamsini.

Zikishakubalika

Chipu mpya za udongo zinaweza kuwa na vumbi jeupe na rangi iliyofifia. Zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya likwidi parafini, yale ya duka la dawa, kisha zifute tena kwa kikavu na uziache siku nzima. Usitumie mafuta ya nazi hata mama akikusisitizia. Yatavunda, na meza itanuka kama nywele za juzi. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isikaribie kabisa.

Usiziache kwenye buti ya gari. Jua la saa nane Dar linatosha kuzipinda zile zile ulizotumia asubuhi nzima kuzipima. Mfuniko wa boksi uache wazi siku moja moja, hasa kama uko karibu na bahari, kwa sababu sponji ya ndani inashika unyevu na lebo za stika ndizo zinazoumia kwanza.

Na chipu zilizokataliwa ambazo muuzaji hakutaka zirudishwe, zitie alama ya wino ukingoni kabla hujaziweka popote. Zangu nilizitupia kwenye droo bila alama, dada wa kazi akazikuta wakati wa usafi, akazirudisha kwenye seti kwa uaminifu wake wote, na ikanibidi nitoe kioo tena nianze mnara wa kwanza.